Mizani, Lawama na Kiti: Tunachoweza Kujifunza kwa Viongozi wa India

Ukipanda bajaji kwenda senta leo, umetamka jina la familia ya Kihindi. Bajaj ni jina la ukoo wa wafanyabiashara wa India, na kampuni yao ndiyo iliyotupa neno tunalolitumia kila siku. Pikipiki za bodaboda aina ya Boxer na TVS zinatoka nchi hiyo hiyo. Lori la Tata linalobeba mahindi yetu kwenda mjini pia ni la huko. Na kama laini yako ni ya Airtel, kampuni hiyo ilifika kwetu mwaka 2010, pale Sunil Bharti Mittal na kampuni yake walipoinunua biashara ya Zain barani Afrika. Wenye umri kidogo mnakumbuka kwamba kabla ya Zain iliitwa Celtel.

Vitu vyao tunavijua. Watu waliovijenga, na namna walivyoongoza wenzao, hatuwajui sana.

Tumeamua kuandika makala hii kwa sababu meseji zinazoingia studio kila unapokaribia mkutano mkuu wa chama cha msingi au kikundi cha kuweka na kukopa zinafanana. Mmoja anauliza afanye nini na katibu ambaye mizani yake haisomi sawa na ya nyumbani. Mwingine anasema mweka hazina anajibu "hesabu zipo" lakini daftari halionekani. Mwingine mwenyekiti wake amekaa kitini tangu yeye yuko shule ya msingi. Na wote wanamaliza na swali moja: kiongozi mzuri tutamjuaje kabla hajatuumiza?

Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, na kila penye mjadala wa ushirika India inatajwa. Tumechagua mifano ya huko, ya biashara na ya michezo, na tumeipima kwa mambo matatu ambayo hata mtu asiyesoma anaweza kuyaona kwa macho: nani anashika mizani, nani anabeba lawama, na nani anajua kuachia kiti.

Tutaona pia kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyefaulu yote matatu bila doa.

Mizani: wafugaji wa Anand

Tuanze na maziwa, maana hapa ndipo penye somo kubwa zaidi kwa sisi wa vijijini.

Miaka ya 1940, wafugaji wa wilaya ya Kaira, eneo ambalo leo liko jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, walikuwa na nyati wa kufugwa wawili watatu kila nyumba. Maziwa yao yalipelekwa Bombay, jiji ambalo siku hizi linaitwa Mumbai, na kampuni moja iliyoitwa Polson ndiyo iliyopewa haki ya kuyakusanya. Kati ya mfugaji na kampuni walikuwepo madalali. Dalali ndiye aliyepima na ndiye aliyetaja bei. Mfugaji hakuwa na pa kwenda, kwa sababu maziwa hayasubiri kama mahindi. Usipouza asubuhi, jioni yameharibika.

Wafugaji walimwendea Vallabhbhai Patel, mmoja wa viongozi wakubwa wa harakati za uhuru, aliyekuwa mtu wa eneo lao. Ushauri wake ulikuwa waunde chama chao wenyewe na wauze wenyewe, hata ikibidi kugoma. Mwaka 1946 wakagoma kweli. Kwa siku 15 maziwa ya Kaira hayakwenda Bombay. Wenye mamlaka wakalegeza, na tarehe 14 Desemba 1946 chama kikasajiliwa mjini Anand. Mwenyekiti wake alikuwa Tribhuvandas Patel, mwenyeji aliyezunguka kijiji kwa kijiji kwa miguu akieleza maana ya ushirika.

Walipoanza kupeleka maziwa yao wenyewe mwaka 1948, walikuwa na vijiji viwili na lita kama 250 kwa siku. Leo chama hicho na wenzake wa Gujarat wanauza kwa jina la Amul, na wanachama ni zaidi ya wafugaji milioni 3.5 kutoka vijiji zaidi ya 18,000.

Walifikaje huko? Mwaka 1949 alifika Anand kijana mmoja mhandisi, Verghese Kurien, mwenyeji wa Kerala, kusini kabisa mwa India. Serikali ilikuwa imemsomesha Marekani, na ilimtuma Anand alipe deni la masomo kwa kufanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha serikali. Hakupapenda. Alikuwa Mkristo kati ya Wahindu, lugha ya pale haijui vizuri, na alikuwa akihesabu siku za kuondoka. Tribhuvandas akamwomba abaki kidogo amtengenezee mitambo ya chama iliyokuwa ikiharibika kila mara. Akabaki mpaka mwisho wa maisha yake, mwaka 2012. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wawili hawa waligawana kazi kwa namna ambayo vyama vyetu vingi havigawani. Tribhuvandas alichaguliwa na wafugaji, na kazi yake ilikuwa kulinda imani yao. Kurien aliajiriwa, na kazi yake ilikuwa kuendesha kiwanda. Mchaguliwa hakujifanya fundi wa mitambo, na mwajiriwa hakujifanya mwenye mali. Kurien alipenda kusema yeye ni mwajiriwa wa wakulima, na kwa maisha yake yote ya kazi alishikilia msimamo huo.

Lakini siri kubwa iko pale kituoni kijijini, asubuhi na jioni. Mwanachama anafika na ndoo yake na kupanga foleni. Tajiri na maskini, mtu wa tabaka la juu na mtu wa tabaka linalodharauliwa, wote foleni moja, na maziwa yao yanamwagwa chombo kimoja. Katika India ya miaka ile hilo lilikuwa jambo zito kuliko bei yenyewe. Maziwa yanapimwa ujazo na kiasi cha mafuta mbele ya mwenye maziwa. Namba inaandikwa kwenye kitabu cha chama na kwenye kitabu chake mwenyewe. Bei inafuata mafuta, kwa hiyo aliyeongeza maji anajiumiza mwenyewe. Malipo hayacheleweshwi, na mwisho wa mwaka faida ikipatikana inagawanywa kulingana na maziwa uliyoleta.

Tazama hapo. Katibu wa kituo anaweza kuwa mtu mwema au mtu mjanja, lakini namba iko mikononi mwa watu wawili. Akitaka kuiba, itambidi abadilishe vitabu vya nyumba zote. Wafugaji wa Anand hawakutegemea kupata malaika awashikie mizani. Walipanga mizani ili hata asiye malaika ashindwe kuichezea.

Jambo la pili la Kurien linahusu misaada, jambo tunalolijua sana. Miaka ya 1970 nchi za Ulaya zilikuwa na maziwa ya unga na mafuta ya siagi ya ziada, na ziliyatoa kwa India bure. Msaada kama huo ukimwagwa sokoni kwa bei ya kutupa unaua mfugaji wa ndani. Kurien na bodi ya taifa ya maziwa aliyoiongoza hawakuukataa wala hawakuugawa bure. Waliuuza mijini kwa bei isiyomwangusha mfugaji, na fedha zilizopatikana zikajenga viwanda, magari ya kupozea na vyama vipya vijijini. Mpango huo ulianza 1970 na kuisha 1996. Mwaka 1951 India ilizalisha tani milioni 17 hivi za maziwa. Siku hizi inazalisha zaidi ya tani milioni 200 kwa mwaka na ndiyo ya kwanza duniani.

Siyo kila jimbo lilifanikiwa kama Gujarat. Kuna sehemu ambako wanasiasa walivikamata vyama vya maziwa na kuvifanya ngazi ya kupandia. Mpango ulikuwa ule ule. Palipokosekana wanachama wanaouliza, ulioza.

Njia ya mwongo ni fupi: Satyam

Mfano wa pili ni wa upande wa giza, na tunauleta kwa ajili ya waweka hazina.

Katika mji wa Hyderabad kulikuwa na kampuni kubwa ya kompyuta iliyoitwa Satyam. Jina lenyewe linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya ukweli. Ilikuwa na wafanyakazi wapata 50,000, na mwaka 2008 ilipewa tuzo ya utawala bora. Tarehe 7 Januari 2009 mwenyekiti na mwanzilishi wake, Ramalinga Raju, aliandika barua kwa bodi akikiri kwamba hesabu alizokuwa akizitangaza kwa miaka kadhaa zilikuwa za uongo. Zaidi ya rupia bilioni 50 zilizoandikwa kama fedha taslimu na akiba ya benki hazikuwepo.

Kilichotushtua zaidi ni namna ilivyoanza. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanzoni pengo lilikuwa dogo. Robo mwaka moja faida haikufika ilipotarajiwa, akaongeza kidogo kwenye karatasi, akitumaini kufidia baadaye. Robo iliyofuata ikabidi aongeze juu ya uongo wa kwanza. Alijifananisha na mtu aliyepanda chui milia asijue namna ya kushuka bila kuliwa. Mwaka 2015 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 7, akakata rufaa na kupewa dhamana.

Ni mweka hazina gani wa kikundi aliyeanza kwa kuiba kasha zima? Wengi huanza kwa kukopa elfu kumi "nitairudisha Jumamosi". Mali bila daftari hupotea bila habari, na Satyam inatuonyesha kwamba hata lenye daftari hupotea, kama daftari linasomwa na mtu mmoja tu. Tuzo ukutani haikumlinda mtu. Wala suti ya mkaguzi, maana kampuni hiyo ilikuwa na wakaguzi wa nje wenye jina kubwa.

Lawama: shamba la Singur na hoteli ya Mumbai

Sasa twende kwa Ratan Tata, aliyefariki Mumbai tarehe 9 Oktoba 2024 akiwa na miaka 86. Aliongoza makampuni ya Tata kuanzia 1991 hadi 2012. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1868, na theluthi mbili hivi ya kampuni mama ni mali ya mifuko ya hisani, kwa hiyo sehemu kubwa ya gawio lake huenda kwenye elimu, afya na utafiti. Alipofariki, India ilimlilia kama mzee wa familia.

Ila kuna hadithi moja ambayo mkulima lazima aisikie. Tata alitaka kutengeneza gari dogo ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinunua, la bei ya rupia 100,000, kwa kuwa aliona familia nzima zikibebana kwenye pikipiki moja barabarani. Gari likaitwa Nano. Nia ilikuwa njema. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la West Bengal ikachukua karibu ekari 1,000 za mashamba huko Singur kwa ajili ya kiwanda. Wakulima wengi walipokea fidia. Wengine walikataa, wakasema hawakuulizwa, na ardhi ile yenye rutuba ndiyo ghala lao. Maandamano yakaanza, mwanasiasa Mamata Banerjee akayaongoza, na vurugu zikakua.

Oktoba 2008, kiwanda kikiwa kimekaribia kumalizika, Tata alitangaza kuondoka Singur. Mradi ukahamia Gujarat. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Juu ya India iliamua kwamba ardhi ile ilichukuliwa kinyume cha sheria na ikaagiza irudishwe kwa wakulima. Nano yenyewe haikuuzika kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2018 utengenezaji wake ukakoma. Tata alikiri baadaye kwamba kulitangaza kama gari la bei rahisi kuliko yote lilikuwa kosa, maana hata mtu wa kipato kidogo hapendi kuonekana amenunua cha kuonewa huruma.

Kiongozi mwenye nia njema, fedha na wataalamu wote alikwama mahali ambapo mjumbe wa kitongoji angemwambia bure: waulize wenye shamba kwanza. Mkataba wa mezani kati ya serikali na kampuni haukutosha. Watu wa Singur walipoteza kiwanda na baadhi yao ajira walizoahidiwa. Tata naye alipoteza mtaji na muda. Hakuna aliyeshinda.

Karibu miezi miwili baadaye, tarehe 26 Novemba 2008, magaidi walishambulia Mumbai. Moja ya sehemu walizoingia ni hoteli ya Taj Mahal Palace, mali ya kundi la Tata. Wafanyakazi wa hoteli, wapishi na wahudumu, waliijua milango ya nyuma na wangeweza kukimbia. Wengi walibaki kuwatoa wageni, na kadhaa wao waliuawa wakifanya hivyo. Meneja wa hoteli, Karambir Singh Kang, aliendelea kuokoa wageni huku mke wake na watoto wake wawili wamo kwenye jengo lililokuwa likiungua. Hakuwapata wakiwa hai.

Baada ya siku zile Tata alihudhuria mazishi na kutembelea familia. Kampuni ikazihudumia familia za wafanyakazi waliokufa, na mwezi uliofuata ikaanzishwa taasisi ya kusaidia waathirika, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuajiriwa na Tata.

Tumeziweka hadithi hizi mbili pamoja kwa makusudi. Ni kiongozi yule yule na mwaka ule ule. Singur alichelewa kusikiliza, Mumbai alisimama na watu wake. Kwa hiyo usimpime mtu kwa siku moja, wala usimsamehe kila kitu kwa sababu ya siku moja.

Nahodha aliyekaa pembeni ya picha

Kwenye michezo tumemchagua Mahendra Singh Dhoni, nahodha wa zamani wa kriketi wa India. Kwa wasioujua mchezo huu: timu mbili za watu 11, moja inapiga mpira na kukusanya mikimbio, nyingine inarusha mpira na kujaribu kuwatoa wapigaji. Kila mrushaji hupewa zamu ya mipira 6, kisha anapokezana na mwenzake.

Dhoni anatoka Ranchi, mji ambao kabla yake haukuwa na jina kwenye kriketi. Baba yake alikuwa mwendesha pampu za maji. Yeye mwenyewe kabla ya umaarufu alikuwa mkagua tiketi wa shirika la reli kwenye stesheni ya Kharagpur.

Mwaka 2007, akiwa na miaka 26, alikabidhiwa timu ya vijana iende Kombe la Dunia la kriketi fupi huko Afrika Kusini. Nyota wakubwa walikuwa wamejiondoa. Wakafika fainali, Johannesburg, dhidi ya mahasimu wao Pakistan. Ikabaki zamu moja ya mwisho, Pakistan wakitaka mikimbio 13 tu, na mpigaji wao hodari Misbah-ul-Haq yumo uwanjani. Dhoni angeweza kumpa mpira Harbhajan Singh, mwenye jina na uzoefu. Akampa Joginder Sharma, kijana ambaye wengi hawakumjua. Kijana alianza vibaya, mpira wa kwanza ukaenda pembeni, na baadaye Misbah akampiga mpira uliopaa hadi nje ya uwanja. Dhoni hakumfokea wala kumpigia kelele mbele ya dunia. Mpira uliofuata Misbah akaupiga vibaya, ukadakwa, India wakashinda kwa mikimbio 5.

Je, kama Joginder angeshindwa? Kila mtu India angeuliza swali moja: nani alimpa mpira? Dhoni alijua. Ukubwa ni jalala, wahenga walisema, kila taka hutupwa hapo. Nahodha anayempa kijana nafasi lazima akubali kuwa jalala mambo yakiharibika.

Miaka minne baadaye, tarehe 2 Aprili 2011, India ilicheza fainali ya Kombe la Dunia Mumbai dhidi ya Sri Lanka. India ilikuwa haijalichukua kombe hilo tangu 1983. Wapigaji watatu walipotoka, zamu ilikuwa ya Yuvraj Singh, aliyekuwa moto kuliko wote mashindano yale. Dhoni, ambaye hakuwa amefanya vizuri, akajipeleka yeye. Akapata mikimbio 91 bila kutolewa, na pigo lake la mwisho ndilo lililomaliza mchezo.

Ukiziangalia fainali hizo mbili utaona kanuni moja. Kazi ya hatari akimpa mwingine, lawama anabeba yeye. Kazi ikiwa nzito kupita kiasi, anaibeba yeye mwenyewe. Na siku ya kombe, tafuta picha: wachezaji wamembeba Sachin Tendulkar mabegani, na nahodha yuko pembeni.

Jirani zetu Kenya wana kumbukumbu chungu hapa. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, na kocha wake alikuwa Mhindi, Sandeep Patil. Walitolewa na India hiyo hiyo, mjini Durban. Vipaji vilikuwepo. Kilichofuata ni migogoro ya fedha na uongozi katika chama cha kriketi, mgomo wa wachezaji, na timu ikashuka hadi leo haijarudi pale. Uwanja ulifanya kazi yake, ofisi ikaubomoa.

Kiti: nani anajua kuondoka?

Hapa ndipo mtihani mgumu ulipo.

Dhoni aliachia unahodha wa mechi fupi Januari 2017, akaendelea kucheza chini ya Virat Kohli, mtu aliyekuwa mdogo wake kikosini. Kwetu ni mwenyekiti yupi aliyestaafu akakubali kukaa benchi la wanachama na kunyoosha mkono kuomba ruhusa ya kusema?

Tribhuvandas Patel naye, mwenyekiti wa Anand, alistaafu kwa hiari yake miaka ya 1970. Wanachama walimchangia rupia moja moja kama shukrani. Fedha ile hakuipeleka nyumbani. Aliitoa ianzishe taasisi ya afya ya mama na mtoto kwa vijiji vile vile vya wafugaji.

Kurien, fundi mkubwa kuliko wote, hapa alijikwaa. Alikaa mkuu wa shirikisho la vyama vya Gujarat tangu 1973. Mwaka 2006, akiwa na miaka 84, aliondoka kwa uchungu baada ya mvutano na viongozi wa vyama alivyosaidia kuvijenga. Ratan Tata aliachia kiti 2012, lakini mrithi wake Cyrus Mistry aliondolewa 2016, Tata akarudi kwa muda, na kesi ikafika hadi mahakama ya juu kabisa, ambayo mwaka 2021 iliamua kwa upande wa Tata.

Amul haikufa Kurien alipoondoka, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Alikuwa amejenga kitu kisichomhitaji, hata kama moyo wake haukukubali. Asubuhi iliyofuata wafugaji walipanga foleni, maziwa yakapimwa, namba ikaandikwa kwenye vitabu viwili.

Na sisi je?

Kuna watakaosema hayo ni ya Wahindi. Ushirika kwetu si mgeni. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, KNCU, kilianza 1933, miaka 13 kabla ya Anand. Tulitangulia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa 1982. Kwa maoni yetu, jeraha kubwa la miaka ile liliingia kichwani: wengi tulizoea kuona chama ni cha "wao", na sisi ni wauzaji tu. Mtu haulizi hesabu ya kitu ambacho si chake.

Lakini ni chako. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inataka hesabu zikaguliwe na wanachama wapewe taarifa. Kwa hiyo mkutano wenu ujao, iwe ni chama cha msingi, kikundi cha kuweka na kukopa, au timu ya mpira ya kijiji, nenda na maswali haya matano:

1. Mzigo wangu unapimwa mbele yangu, na namba inaandikwa pia kwenye karatasi inayobaki kwangu?

2. Daftari la fedha linasomwa na watu wangapi, na mara ya mwisho lilisomwa kwa sauti lini?

3. Kabla ya uamuzi mkubwa, hasa wa ardhi au mkopo, wenye mali waliulizwa au walijulishwa tu?

4. Mambo yalipoharibika mwaka jana, kiongozi alisema "tulikosea", au alimtaja mtu mdogo?

5. Kiongozi huyu akiumwa kesho, kuna mwingine anayejua kazi yake?

Simu yako ina kamera. Piga picha ya mizani na ya stakabadhi yako kila unapopeleka mzigo, uhifadhi. Hicho ndicho kitabu chako cha pili, kama cha mfugaji wa Anand. Anayekukataza kupiga picha amekwisha kujibu swali la kwanza.

Tulifundishwa shuleni kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Mkimaliza mkutano, tutumieni meseji mtuambie ni swali lipi kati ya hayo matano lililokosa jibu. Tutaanzia hapo kwenye kipindi.